Mgongo Wako Sio Mchafu: Chunusi za Utu Uzima na Namna ya Kuzikabili

Kwenye somo la Baiolojia tulifundishwa kuorodhesha dalili za balehe: sauti kuwa nzito, matiti kuota, nywele sehemu za siri, chunusi. Mwalimu akaweka tiki, tukafunga daftari, na wengi wetu tukabaki na picha kwamba chunusi ni mambo ya kidato cha pili, ukimaliza shule unaziacha hukohuko pamoja na sare. Sasa uko chuo mwaka wa pili au wa tatu, una kitambulisho cha kupigia kura, mkataba wa mkopo wa Bodi umesaini kwa mkono wako mwenyewe, halafu ukipeleka mkono nyuma ya bega unakuta vipele vimejipanga kama shanga.

Chunusi za usoni angalau zinazungumzwa. Za mgongoni ni siri ya mtu na taulo lake. Hosteli zetu mabafu ni ya pamoja, kwa hiyo wapo wanaoamka saa kumi alfajiri kuoga kabla wenzao hawajaamka. Wapo ambao wakienda ufukweni na darasa zima wanabaki kulinda mabegi. Wapo wanaoliacha gauni walilolipenda dukani kwa sababu tu liko wazi nyuma. Na sisi wa elimu tuna letu la ziada: nusu ya kazi yetu ni kuligeuzia darasa mgongo tukiandika ubaoni. Ukiwa kwenye mafunzo kwa vitendo, shati jeupe, jua la saa saba, wanafunzi hamsini nyuma yako, halafu kipele kimepasuka, unajua kabisa macho yao yako wapi.

Makala haya hayana dawa ya siku tatu. Yana maelezo ya kinachotokea, namna ya kutofautisha chunusi na vipele vingine, na mambo unayoweza kufanya kwa pesa ya mwanachuo bila kuiharibu ngozi.

KINACHOTOKEA NDANI YA NGOZI

Kila unywele wa mwilini, hata ule mdogo usioonekana vizuri, umeota kwenye kishimo chake. Pembeni ya kishimo hicho kuna tezi inayotoa mafuta ya kulainisha ngozi. Siku zote mafuta hayo hupanda juu na kutoka pamoja na chembe za ngozi zilizokufa. Chunusi huanza pale chembe hizo zinapogandamana na kuziba mdomo wa kishimo. Mafuta yanaendelea kutengenezwa nyuma ya kizibo. Bakteria aitwaye Cutibacterium acnes, ambaye anaishi kwenye ngozi ya kila mtu, anapata mahali pazuri pa kuzaliana, na kinga ya mwili inaingia vitani. Uvimbe, usaha na maumivu ndiyo matokeo ya vita hiyo. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani sana. Unachokiona ni kipele kilichovimba na baadaye doa jeusi linalokaa miezi.

Tezi za mafuta zinapokea amri kutoka kwa homoni ziitwazo androjeni, na hizo wanaume na wanawake wote tunazo. Balehe ndiyo inayoziamsha, ila hazilali tena siku unapotimiza miaka kumi na minane. Ndiyo maana mtu wa miaka ishirini na mbili, hata wa thelathini na tano, anaweza kuwa na chunusi. Wengine zinaendelea kutoka ujanani, wengine zinaanza ukubwani kabisa. Wadada wengi huziona zikiongezeka siku chache kabla ya hedhi. Na kama wazazi wako walikuwa nazo sana, uwezekano wa wewe kuwa nazo ni mkubwa zaidi.

KWA NINI MGONGONI?

Tezi za mafuta ni nyingi na kubwa zaidi usoni, kifuani, mabegani na sehemu ya juu ya mgongo. Mgongo pia una ngozi nene, unafunikwa na nguo kutwa nzima, unalaliwa usiku kucha, na mkono haufiki vizuri kuupaka chochote. Hapo ongeza joto, jasho na msuguano.

Madaktari wa jeshi waliliona hili zamani. Katika Vita ya Pili ya Dunia, na baadaye katika vita ya Vietnam, wanajeshi kutoka nchi za baridi waliopelekwa kwenye joto lenye unyevunyevu walianza kutoa chunusi kubwa mgongoni na makalioni. Hawa walikuwa watu wazima, wengine balehe waliimaliza zamani. Walishinda na nguo zilizolowa jasho na mizigo mizito mgongoni. Hali hiyo ikaitwa chunusi za tropiki, na kwa wengine nafuu ilipatikana tu walipohamishiwa mahali penye baridi. Mwaka 1975 watafiti wawili wa Marekani, Otto Mills na Albert Kligman, wakaeleza aina ya chunusi inayochochewa na msuguano, mgandamizo na joto juu ya ngozi.

Sasa mfikirie mwanachuo aliyetoka Makete akaja kusoma Dar es Salaam mwezi wa Machi. Begi la mgongoni lina kompyuta na chupa ya maji, daladala imejaa, shati la poliesta limegandamana na mgongo, jioni anacheza mpira na jezi hiyohiyo anakaa nayo kwenye vimbweta mpaka saa tatu usiku. Huyu hajarogwa, na wala sio kwamba maji ya chuo yamemkataa. Mgongo wake uko katika mazingira yaleyale ya wale wanajeshi.

UCHAFU, DAMU CHAFU NA KARANGA

Tuanze na la uchafu, maana ndilo linaloumiza watu zaidi. Kizibo cha chunusi kiko ndani ya kishimo, dodoki halikifikii. Unaposugua mgongo kwa jiwe au kwa brashi ngumu unaondoa ngozi ya juu, unaongeza uvimbe, na doa linakuwa jeusi zaidi. Vivyo hivyo kumwagia dawa ya kuulia vijidudu isiyochanganywa na maji: itakuunguza, kizibo kitabaki palepale. Kuoga kunasaidia kuondoa jasho na mafuta ya juu, basi. Mtu mwenye chunusi anaweza kuwa anaoga mara nyingi kuliko wewe unayemcheka.

La pili ni lile la "ukioa zitaisha" au "ukiolewa zitaisha". Hamna ukweli hapo. Wapo walioolewa, wana watoto wawili, na chunusi wanazo. Hata damu chafu haihusiki. Huhitaji kunywa kitu cha kukuharisha ili kusafisha mgongo.

La chakula lina ukweli nusu. Mafuta unayokula hayatokei moja kwa moja kwenye ngozi, na karanga zimesingiziwa miaka mingi bila ushahidi wa maana. Tafiti zimeonyesha uhusiano zaidi kwenye vyakula vinavyopandisha sukari ya damu haraka, kama soda na vitu vya ngano nyeupe vyenye sukari nyingi, na kwa kiasi fulani maziwa. Wana jimu, unga wa protini unaotokana na maziwa umehusishwa na chunusi kwa baadhi ya watu. Zile sindano na vidonge vya homoni vya kujaza misuli ndiyo kabisa: zinaweza kukuletea chunusi kali za mgongoni, mbali na madhara mengine makubwa.

Dawa nyingine pia huchangia. Kijiti cha uzazi wa mpango kinaweza kuongeza chunusi kwa baadhi ya wanawake. Baadhi ya dawa za kifafa na za kifua kikuu zinaweza kuleta vipele vinavyofanana na chunusi. Ukihisi hivyo, usiache dawa kwa uamuzi wako. Rudi kwa aliyekuandikia, mzungumze.

SI KILA KIPELE NI CHUNUSI

Watu wengi wanakosea hapa, kwa sababu mgongo wa pwani una vipele vya kila namna.

Chunusi zenyewe huja mchanganyiko. Utaona vidoa vyeusi vya mafuta yaliyoziba, vipele vidogo, vingine vyenye usaha, na pengine uvimbe mkubwa wa ndani unaouma ukiegemea kiti. Haviwashi sana.

Harara ni vipele vidogo sana vinavyochoma na kuwasha, huja ghafla wakati wa joto kali, na hupungua ukikaa mahali penye ubaridi na nguo nyepesi.

Vipele vya fangasi ndivyo vinavyodanganya zaidi. Vinaletwa na fangasi aitwaye Malassezia, ambaye naye anaishi kwenye ngozi za watu wote na anapenda joto na mafuta. Alama zake ni mbili: vipele vina ukubwa unaofanana, na vinawasha, hasa ukitoka jasho. Fangasi huyu ndiye anayeleta pia yale mabaka ya mba mgongoni na kifuani. Ukivitibu kama chunusi kwa kumeza antibayotiki vinaweza kuongezeka, kwa sababu unaua bakteria na kumwachia fangasi uwanja. Dawa yake ni ya fangasi, kwa mfano shampuu ya ketokonazoli, inayopakwa mgongoni na kuachwa dakika chache kabla ya kusuuza.

Jipu ni uvimbe mmoja au michache, unaouma sana, wenye joto, na wakati mwingine unakuja na homa. Hilo ni la hospitali.

Kama umetumia dawa ya chunusi miezi miwili bila mabadiliko yoyote na mgongo unawasha, jiulize kama ulikuwa unatibu kitu sahihi.

MKOROGO HAUTIBU

Boom likitoka, kwenye makundi ya WhatsApp ya hosteli zinaanza kupita picha za vikopo visivyo na lebo: "krimu ya kuondoa chunusi na madoa siku saba." Wengi wanajua mkorogo unachubua. Wachache wanajua kwamba unaweza kuzileta chunusi zenyewe.

Ndani ya michanganyiko hiyo mara nyingi kuna steroidi kali kama klobetasoli au betamethasoni. Kwenye boksi majina yameandikwa Kiingereza, lakini ukiyasoma kwa sauti utayatambua. Steroidi hutuliza uvimbe haraka, kwa hiyo wiki ya kwanza unaona maajabu na unamwambia rafiki yako naye anunue. Ukiendelea, ngozi inakuwa nyembamba, michirizi inatokea, fangasi wanastawi, na vinatoka vipele vingi vya ukubwa mmoja, chunusi za steroidi. Ukiacha ghafla, vinalipuka zaidi. Unarudi kwa muuzaji, na yeye anafurahi kukuona.

Vingine vina haidrokwinoni au zebaki. Vipodozi vyenye viambato hivyo vimepigwa marufuku Tanzania, na tangu mwaka 2019 kazi ya kudhibiti vipodozi iko chini ya Shirika la Viwango, TBS. Zebaki inaingia mwilini kupitia ngozi na inaweza kuharibu figo. Kanuni rahisi: kitu kisicho na jina la mtengenezaji, orodha ya viambato na tarehe ya mwisho ya matumizi, usikipake mgongoni hata ukipewa bure.

CHA KUFANYA, HATUA KWA HATUA

Anza na nguo. Ukitoka mazoezini, vua fulana iliyolowa. Kama maji hayajafika ghorofani, jifute kwa kitambaa chenye maji na uvae kavu. Pamba ni bora kuliko poliesta. Begi libebe mkononi au begani kwa kubadilisha siku ambazo mgongo unauma. Shuka na taulo vifuliwe angalau kila wiki.

Halafu mafuta. Mafuta ya mgando na ya nazi yanaweza kuziba zaidi kwenye mgongo wenye chunusi. Miguuni na mikononi endelea kuyatumia. Chagua losheni nyepesi ambayo lebo yake inasema haizibi vinyweleo. Mwenye rasta au misuko mirefu akumbuke kwamba mafuta ya nywele huchuruzika mgongoni. Osha nywele kwanza, uzibane, kisha ndipo uoshe mgongo.

Baada ya hapo dawa. Inayoanzwa mara nyingi kwa mgongo ni benzoili peroksaidi, inayopatikana kama sabuni ya maji au jeli. Inaua bakteria, na bakteria hawaizoei kama wanavyozoea antibiotiki. Ya asilimia 2.5 hadi 5 inatosha kuanzia. Ya sabuni paka, subiri dakika mbili hadi tano, suuza vizuri. Inachubua rangi ya vitambaa, kwa hiyo usijifutie taulo jipya la mama na usivae fulana ya chama siku hiyo. Asidi ya salisiliki nayo husaidia kulegeza vizibo. Usiku unaweza kutumia jeli ya adapalini, kiasi kidogo. Wiki za kwanza ngozi hukauka na kuwasha kidogo, hivyo anza siku moja moja. Mjamzito au anayetafuta mimba asiitumie. Mfamasia aliyesomea yupo kwa ajili ya maswali haya. Muulize hata kama huna hela ya kununua siku hiyo.

Mkono haufiki? Funga kitambaa laini kwenye mwiko wa plastiki wenye mpini mrefu, au mwombe rumeti unayemwamini. Kumwomba mtu akupake dawa mgongoni ni jambo gumu mara ya kwanza tu.

Usiminye. Ngozi zetu huacha madoa meusi kwa urahisi, na mabegani, mgongoni na kifuani ni sehemu ambazo makovu ya kuvimba hupenda kuota. Kipele kinaisha wiki mbili, kovu la aina hiyo linaweza kukaa miaka.

Mwisho, subira. Kizibo cha chunusi unayoiona leo kilianza wiki nyingi zilizopita. Dawa inahitaji wiki nane hadi kumi na mbili kabla hujaihukumu. Ukianza wiki ya kwanza ya muhula, tegemea majibu karibu na UE. Anayebadilisha dawa kila Jumatatu hajawahi kuijaribu hata moja. Na madoa yatakayobaki si chunusi mpya, yenyewe hufifia taratibu kwa miezi.

LINI UENDE HOSPITALI

Nenda kituo cha afya cha chuo kama una uvimbe mkubwa wa ndani unaouma, kama makovu yameanza kutokea, kama miezi mitatu imepita bila nafuu, au kama umekuwa ukitumia krimu ya steroidi na hujui namna ya kuiacha. Dada mwenye chunusi kali pamoja na hedhi inayoruka miezi na nywele nyingi kidevuni apimwe homoni. Kadi ya bima unayo, itumie. Ukihitaji mtaalamu wa ngozi utapewa rufaa. Nchi hii inao. Moshi, katika hospitali ya KCMC, kuna kituo kilichoanza mwaka 1992 kinachofundisha wataalamu wa ngozi kutoka nchi mbalimbali za Afrika.

Daktari anaweza kukupa antibayotiki kama doksisaiklini kwa miezi michache, pamoja na dawa ya kupaka. Hiyo haifanani na kumeza vidonge vya rangi mbili vilivyobaki kwa rafiki yako. Vya kuokoteza vinawafundisha bakteria usugu, na siku utakapougua kweli dawa itagoma. Doksisaiklini yenyewe inamezwa na maji mengi ukiwa umekaa, si dakika moja kabla ya kulala, kwa sababu inaweza kuunguza koo la chakula.

Kwa chunusi kali sana ipo aisotretinoini, dawa yenye nguvu inayohitaji usimamizi wa mtaalamu. Inasababisha ulemavu mkubwa kwa mtoto aliye tumboni, hivyo mwanamke hupimwa ujauzito kabla ya kuanza na hulazimika kujikinga na mimba mpaka mwezi mmoja baada ya kumaliza. Mtu akikuuzia hiyo kwenye bahasha, kimbia.

Na jambo moja lisilopimwa maabara. Tafiti nyingi zimehusisha chunusi na sonona. Ukijikuta unakosa vipindi, unajitenga, unachukia mwili wako, hilo nalo ni sababu ya kutosha ya kumwona daktari au mshauri wa wanafunzi. Huna haja ya kusubiri "ugonjwa wa maana".

Sisi tunaokwenda kufundisha tutakutana na orodha ileile ya dalili za balehe kwenye kitabu. Tutaiandika ubaoni kama ilivyo. Tukifika kwenye neno chunusi tunaweza kuongeza sentensi moja: kwamba kwa watu wengi zinaendelea hadi ukubwani, kwamba si uchafu, na kwamba zina matibabu. Kuna mtoto dawati la nyuma atakayeiandika sentensi hiyo haraka kuliko zote, na miaka saba baadaye hatanunua kopo lisilo na lebo.